Ndege ya Kwanza Kusajiliwa Kenya Ilikuwa ya Kugawana

Leo sina video. Nina hadithi ya historia, na kipande chake kimoja ni aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana mimi na rafiki yangu tulinunua droni. Haikuwa mpya, tuliitoa kwa mtu Nairobi aliyekuwa anahitaji pesa haraka. Nilitoa nusu, yeye akatoa nusu. Mpango ulikuwa rahisi: tupige video za mashamba ya majani chai kuanzia Litein hadi Bomet, tuchukue harusi za wikendi zikipatikana, na kinachoingia tugawane. Mambo ya KCAA tulifuata, maana siku hizi huwezi tu kurusha kitu angani kama kishada. Lakini makubaliano kati yetu wawili? Hatukuandika hata mstari mmoja. Tumejuana tangu darasa la tatu, sasa tuandikiane nini?

Miezi saba baadaye droni ikagonga mkaratusi. Mimi ndiye nilikuwa nairusha. Mwenzangu, na hilo ndilo jina nitakalomwita, alipanda ule mti akaitoa. Propela mbili zilikuwa zimeenda, na kamera pia. Fundi alipotaja bei nikamwambia, "Basi tulipe nusu kwa nusu." Akaniangalia, akasema, "Nusu ya kulipa naijua. Ile nusu yangu ingine iko wapi?"

Sikumwelewa. Nilikasirika hata. Tuliachana pale kwenye barabara ya murram bila kuagana, na droni ikalala chini ya kitanda changu wiki tisa.

Katika hizo wiki tisa nilianza kusoma kuhusu watu wanaomiliki ndege kwa pamoja. Ndege kamili, ya kupandwa na watu. Nilitaka kujua kama huwa wanapatana, ama na wao huishia kunyamaziana kama sisi.

Huku kwetu ukitaja ndege ndogo, mtu mzima hakumbuki starehe. Anakumbuka tarehe 10 Juni 2008. Cessna 210 iliyotoka Nairobi kuja Kericho ilianguka upande wa Narok, na wote wanne waliokuwa ndani wakafa. Mmoja alikuwa Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na Waziri wa Barabara. Mwingine alikuwa Lorna Laboso, mbunge wa Sotik na waziri msaidizi. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka redio ikiwa juu kuliko kawaida na watu wazima wamekaa bila kuongea. Ndiyo maana nilipomwambia mama ninasoma habari za ndege ndogo, aliuliza, "Kwa nini usisome kitu kingine?"

Lakini hadithi ya ndege ndogo Kenya ni ya zamani kuliko huzuni hiyo, na mwanzo wake ni watu kuchanga.

Ndege ya kwanza kabisa kuandikwa kwenye daftari la usajili la Kenya iliitwa Miss Kenya. Ilikuwa ya aina ya DH.51, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Ya mbao na kitambaa, bawa la juu na bawa la chini, viti vya wazi upepo ukikupiga usoni, injini ya Airdisco ya nguvu za farasi 120. Za aina hiyo zilitengenezwa tatu tu duniani, na hii ilikuwa ya tatu. Ilikuja kwa meli hadi Mombasa, mali ya mlowezi mmoja tajiri, John Carberry, na mwaka 1926 ikaanza kuruka kwenye anga la Kenya.

Carberry alikuwa na doo ya kumiliki ndege peke yake. Kina sisi wengine hatuko hapo, na hata walowezi wengi hawakuwa hapo. Mwaka 1928 aliiuza. Hakununua tajiri mwingine. Walionunua walikuwa kikundi: G. Skinner na wenzake, mmoja wao Tom Campbell Black, rubani wa vita vya kwanza vya dunia aliyekuja kulima Rongai. Rongai ya Nakuru, wasee, si ile ya Nairobi. Mwaka huo huo Miss Kenya ikasajiliwa kama G-KAA, na baadaye kidogo ikawa VP-KAA. Ukiangalia hizo A mbili za mwisho, utaona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa namba ya mwanzo kwenye foleni. Leo ndege zetu zinaanza na 5Y, lakini foleni ilianzia kwa mali ya watu waliochanga.

Kwa nini uchange kununua ndege? Hapa ndipo hesabu ilinifungua macho. Gharama za ndege ziko za aina mbili. Kuna zile zinazokula hata ndege ikiwa imelala: banda la kuihifadhi, bima, ukaguzi wa kila mwaka. Halafu kuna zile zinazokula ikiruka tu: mafuta, oili, na kuzeeka kwa injini. Injini ya ndege ndogo haisubiriwi mpaka iharibike. Mtengenezaji anakuambia mapema, ikifika saa kadhaa ifunguliwe yote ifanyiwe ukarabati mkubwa, na kwa injini nyingi za ndege kama Cessna 172 saa hizo ni kama 2,000.

Sasa tufanye mfano wa kujitungia tu. Tuseme banda, bima na ukaguzi vinakula shilingi 600,000 kwa mwaka. Ukiwa peke yako na unaruka saa 30 kwa mwaka, kila saa inabeba shilingi 20,000 kabla hujaweka hata tone la mafuta. Mkiwa watatu na kila mtu anaruka saa zake 30, zinakuwa saa 90, na kila saa inabeba kama 6,700. Ndege ni ile ile, mzigo umegawanyika mara tatu. Na kuna faida ingine: ndege haipendi kukaa. Injini inayolala miezi inaingia unyevu na kutu, kwa hivyo kuwa na mwenzako anayeruka siku ambayo wewe uko shambani ni njia mojawapo ya kuitunza.

Kwa hivyo wanaogawana vizuri hugawana kwa njia mbili. Za kulala wanalipa sawa kila mwezi, uruke usiruke. Za kuruka analipa aliyeruka, kwa saa alizotumia, na kila saa anaweka kitu kwenye mfuko wa injini. Halafu wanaandika yale maswali ambayo marafiki huona aibu kuulizana. Tukitaka siku moja sote wawili, nani anapewa? Akiigonga mmoja, sehemu ambayo bima hailipi ni ya nani? Mmoja akitaka kutoka, fungu lake analiuza kwa bei gani na kwa nani? Mmoja akifa, mke wake anarithi kiti ama anarithi pesa?

Nilisoma hiyo orodha usiku, droni ikiwa chini ya kitanda, na nikaona sisi hatukujibu hata swali moja.

Lakini mbona Mwenzangu aliuliza kuhusu nusu ingine? Hiyo sikuipata kwenye hesabu. Niliipata kwa Wilson.

Wengi wetu tunajua Wilson ni uwanja wa ndege Nairobi, karibu na Lang'ata. Wachache wanajua Wilson alikuwa mwanamke. Florence Kerr Wilson alikuwa mjane mwenye pesa, na mwaka 1929 yeye na Campbell Black, yule yule wa Miss Kenya, walianzisha kampuni ya Wilson Airways wakiwa na ndege moja tu, Gipsy Moth. Huyu mama hakuwa rubani. Campbell Black naye hakuwa na pesa za kuanzisha kampuni. Mmoja alileta mfuko, mwingine akaleta mikono na kichwa. Kampuni ikakua, ikabeba abiria na barua mpaka pwani, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wakachukuliwa kwa kazi ya jeshi na kampuni ikaishia hapo. Mwaka 1962 uwanja ukapewa jina la mama.

Ona sasa. Katika ushirika ule, kazi ilihesabiwa kama mtaji. Campbell Black hakuwa kijana wa kutumwa, alikuwa mkurugenzi na rubani mkuu. Alichofanya kwa mikono kilikuwa na kiti mezani.

Hapo nikakumbuka yule mwingine ambaye hakupewa kiti.

Beryl Markham ni jina ambalo watu wa ndege hulipenda sana. Alilelewa Njoro, hapo juu tu, kwenye shamba la farasi la baba yake. Campbell Black ndiye alimfundisha kuruka. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akaangukia kwenye kinamasi upande wa Nova Scotia, Canada, akiwa mzima. Ndege aliyoruka nayo haikuwa yake. Aliazimwa na John Carberry, mwenye Miss Kenya wa kwanza. Kwa hivyo hata ile safari iliyomfanya maarufu ilitokana na mtu kukubali mali yake iende mikononi mwa mwingine.

Lakini kwenye kitabu chake cha mwaka 1942 kuna mtu mwingine. Alipokuwa mtoto aliitwa Kibii, akicheza na Beryl huko Njoro. Alipokuwa mtu mzima akawa arap Ruta. Sihitaji mtu anielezee hilo jina, ukisikia arap unajua ni mtu wa kwetu Wakalenjin. Arap Ruta alifanya kazi na Beryl kwenye farasi, na Beryl alipohamia kwenye ndege, akahamia naye. Walianza kama watoto wawili wanaocheza pamoja. Wakaishia mmoja akiwa rubani na mwingine akiwa mtu wa rubani.

Nisiseme kwamba Beryl alikuwa mbaya. Ukisoma unaona alimheshimu. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa Kenya ya wakati huo. Mwaka ule ule ambao kina Campbell Black walichanga kununua Miss Kenya, mwanaume Mwafrika alitembea na kipande, na bila hicho kipande kutoka kwenye rizavu ilikuwa ni kutafuta kukamatwa. Mzungu aliyekosa pesa ya ndege nzima angeweza kutafuta wenzake wawili. Arap Ruta hata angekuwa na pesa ya propela moja, angechanga na nani?

Na hapa Kericho tuna mfano wetu wa ushirika wa namna hiyo. Baada ya vita vya kwanza, serikali ya kikoloni ilikata ardhi ya Wakipsigis, ekari kama 25,000, ikawapa maafisa wa jeshi wa Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mradi huo uliitwa BEADOC. Walikuwa walime kitani kwa pamoja, kama ushirika. Wazo lao la kusaidiana, ukiliangalia peke yake, lilikuwa zuri: mtu aliyepoteza mguu anafanya kazi na mwenzake aliyepoteza mkono. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa baada ya miaka michache, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Iliendelea mbele mpaka kwa makampuni ya chai, kina Brooke Bond na Finlay. Leo ukipita Kericho, katikati ya ule ujani wote kuna kiwanja kidogo cha ndege, Kerenga. Nimepita hapo mara nyingi nikiona ndege ikishuka, na nilikuwa nawaza tu nani yuko ndani. Siku hizi ninawaza pia mambo ya chini: wale maafisa waligawana vizuri sana kitu ambacho hakikuwa chao.

Sasa mtu ataniambia, haya mambo ya kumiliki kwa pamoja ni ya wazungu, sisi tunapenda changu ni changu. Si kweli, na hapa nawasihi muulize wazee wenu. Wakipsigis walikuwa na kimanagan. Una ng'ombe wengi, unampelekea rafiki yako wa mbali mmoja ama wawili akae nao. Maziwa ni yake, ng'ombe ni wako, na ndama wakizaliwa kila mtu anajua ni wa nani. Ugonjwa ukivamia boma lako, ama wezi wakija usiku, hujamaliza kila kitu, kwa sababu mali yako imelala sehemu nyingi. Na yule rafiki aliyekuwa hana ng'ombe, watoto wake wanakunywa maziwa.

Babu alinieleza hii kitu akiwa amekaa nje akisubiri lori la majani. Nikamuuliza, "Na ng'ombe akifa, babu?" Akacheka. "Analeta ngozi," akasema. "Akuonyeshe amekufa kweli. Halafu mnakaa mnaongea." Basi. Kanuni ilikuwepo kabla ya ng'ombe kufa. Hakuna mtu aliyeanza kuuliza ngozi ni ya nani wakati mzoga uko chini.

Halafu babu akauliza, "Na yule kijana mwenzako, yeye alikuwa anapata maziwa gani?"

Nilitaka kujibu haraka, nikashindwa.

Wacha nihesabu mbele yenu. Droni ilinunuliwa nusu kwa nusu. Aliyechaji betri usiku ni yeye, kwa sababu kwao stima haipotei sana. Aliyebeba begi kutoka Kapkatet mpaka Mogogosiek kwa bodaboda ni yeye. Aliyejifunza kufungua na kusafisha mota vumbi likiingia ni yeye. Aliyekata video ni yeye mara nyingi kuliko mimi. Aliyeshika rimoti ni mimi. Aliyeongea kwenye kamera ni mimi. Ukurasa una jina langu. Watu wakinipata sokoni wananiambia, "Ile video yako ya majani chai ni kali," na mimi nasema asante. Hata siku moja sikusema "yetu". Siku kampuni moja ilipotupigia simu kuhusu tangazo, walipiga kwangu, na kwenye mkutano nilimtambulisha kama "kijana tunayesaidiana".

Kijana tunayesaidiana. Mtu aliyetoa nusu ya pesa.

Miezi yote hiyo nilijiona kama Campbell Black, msee wa kuchanga na kuruka. Kumbe nilikuwa nimemgeuza rafiki yangu kuwa arap Ruta, na tofauti ni kwamba mimi sina hata serikali ya kikoloni ya kusingizia. Hakuna sheria iliyonilazimisha. Nilifanya tu kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu hakulalamika.

Ndiyo maana swali lake pale chini ya mkaratusi halikuwa la pesa. Kwenye hasara nilikumbuka nusu yake upesi sana. Kwenye jina nilikuwa nimeisahau.

Kwa hivyo maoni yangu, na mnaweza kunipinga, ni haya. Sisi vijana wa huku tutagawana vitu vingi maisha yetu. Kamera, pikipiki, kinyozi, greenhouse ya nyanya, labda siku moja ndege kweli. Peke yetu hatuwezi, na hakuna aibu hapo, kwa sababu hata daftari la ndege za Kenya lilifunguliwa na watu ambao peke yao hawakuweza. Wazazi wetu wenyewe ni wenye hisa kwenye viwanda vya KTDA, mtu ana vichaka vyake nyuma ya nyumba na kipande cha kiwanda kule barabarani. Kugawana tunakujua. Lakini tukigawana bei peke yake, hatujagawana kitu. Andikeni pia nani anaonekana, nani anapigiwa simu, na mikono ya yule asiyeongea sana inahesabiwa vipi. Andikeni kitu kikiwa bado kizima.

Miss Kenya bado ipo. Ilipita vita vya pili ikiwa imehifadhiwa, mwaka 1965 ikarudishwa Uingereza ndani ya tumbo la ndege kubwa ya jeshi, ikafanyiwa ukarabati na miaka ya 1970 ikaruka tena. Iko kwenye mkusanyiko wa Shuttleworth huko Old Warden, DH.51 pekee iliyobaki duniani. Karibu miaka 100 baadaye, kitu cha kuchangiwa bado kiko hai. Nadhani ni kwa sababu kila wakati kulikuwa na mtu aliyeona kuitunza ni kazi yake.

Jumapili iliyopita nilichukua karatasi ya kitabu cha shule cha dada yangu mdogo nikaandika. Propela na kamera nalipa mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nairusha. Kuanzia sasa anayerusha akigonga analipa, na kila kazi tunatoa kidogo tunaweka kando ya matengenezo. Pesa ya tangazo ile ya kwanza, fungu lake lote, hiyo hapo. Ukurasa unabadilishwa jina. Mmoja akitaka kutoka, mwingine ana miezi mitatu ya kununua fungu lake kwa bei ambayo fundi atasema. Nikaacha nafasi mbili chini za kuweka sahihi, nikajaza moja.

Nilimpelekea kwao pamoja na droni kwenye sanduku lake. Hakuwepo. Mama yake alinipa chai, akaniuliza mbona nimepotea hivyo, nikasema ni kazi. Niliacha vyote mezani.

Bado hajapiga simu. Lakini jana jioni nikiwa naenda kituoni kupeleka majani, nilisikia ile sauti kama ya nyuki wengi. Nikainua kichwa. Ilikuwa juu ya mashamba, upande wa kwao, inaenda polepole na imeshikwa vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuishika.

Nilisimama hapo na kikapu mgongoni mpaka ikashuka.